Kijiji cha Paramjit na Vikombe vya Märsta

Mmoja wenu alikuja kwangu Bredäng Jumamosi iliyopita akakataa chai. Simtaji jina. Anajijua, na wenzake waliokuwa naye kwenye kochi langu wanamjua. Alisema amefunga. Halafu akala maandazi yangu, akala tena, akalamba na sukari vidoleni. Sijawahi kuona mfungo wa namna hiyo, unaofunga kikombe na kufungua sahani.

Mlikuja kuniuliza habari za kazi ya hoteli, zile hoteli za Märsta karibu na uwanja wa ndege. Hatukuzungumza chochote cha maana kwa sababu binti yangu Neema alikuwa na kelele zake na mimi nilishakasirika. Nikasema nitawaandikia. Basi naandika. Hasira bado ninayo, lakini ya kazi nitawaambia pia, maana ahadi ni ahadi.

Kwanza jueni mnasomeshwa na mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu. Mgongo wangu ndio uliostaafu, mimi nikaufuata. Mkitaka kujua kazi ile ikoje, niangalieni nikiinuka kwenye kiti, halafu mrudi shuleni.

Neema, kama mlimwona, alikuwa sakafuni anachora kazi ya shule. Wanasoma habari za kijiji fulani cha India. Mwalimu amewaambia wachore nani anaishi wapi: wenye mashamba katikati, mafundi seremala pembeni kidogo, na wale wanaofagia na kushona ngozi nje kabisa, na kisima chao peke yao. Yule wetu wa mfungo akainama, akatazama, akasema, "Eh, Wahindi nao! Mtu ananyimwa maji kwa sababu ya ukoo wake? Hawa hawana Mungu kabisa." Hajafunga mdomo, rafiki yangu Esperance akatoka jikoni na sinia, akamwekea kikombe mbele yake.

"Asante mama. Mimi nimefunga."

Nilikuwa na chupa ya chai mkononi. Mshukuruni Mungu ilikuwa chupa ya bei, la sivyo ningemrushia.

Sasa kaeni vizuri. Kijiji kile cha India mimi nakijua kuliko mwalimu wa Neema. Sijafika India. Nilikifahamia mezani, chumba cha chini cha hoteli, mahali ambapo wasafishaji wanakula, pasipo na dirisha.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama wa Kipunjabi, Paramjit. Mfupi, mnene, mdomo kama wembe. Tulisemezana Kiswidi, chake kibovu na changu kibovu zaidi, na bado tulielewana kuliko ninavyoelewana na baba Neema kwa Kiswahili fasaha. Nilifika pale na cheti changu cha sekondari ya Bukavu, nikiamini kutandika kitanda ni kutandika kitanda. Paramjit alinitazama nikipigana na lile blanketi zito la manyoya na mfuko wake, nimeingia ndani ya mfuko mzima mzima, kichwa hakionekani. Akakaa kwenye kiti cha mgeni, jambo lisiloruhusiwa, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Ukishatoka humo," akasema, "niambie kama umekuta mtu."

Ndipo akanionesha. Geuza mfuko nje-ndani. Ingiza mikono mpaka kwenye pembe za mwisho. Shika pembe za blanketi kwa mikono hiyohiyo, inua, tikisa mara moja kama unamkung'uta mtoto mkaidi, na mfuko unajivaa wenyewe. Likumbukeni hilo, litawaokoa mabega. Na jingine: chumba kinaanza kwa pua. Ukifungua mlango, simama, nusa, kabla hujagusa kitu. Pua itakwambia kama mgeni amevuta sigara dirishani, kama ametapika nyuma ya kitanda, kama amemwaga mvinyo akaufunika na taulo akidhani nyie ni vipofu. Kioo usikitazame ukiwa umesimama mbele yake, utajiona wewe tu. Kitazame kwa pembeni, taa imewaka, ndipo utaona madoa.

Na vitambaa. Wiki yangu ya kwanza nilichukua kitambaa chekundu, nikasugua choo, halafu kwa bidii yangu nikataka kung'arisha nacho bilauri ya mswaki. Paramjit alinipiga kofi mkononi, kofi la kweli, mpaka kitambaa kikaanguka.

"Chekundu ni cha choo! Cha choo tu! Hakipandi, hakikai na wenzake, hakifuliwi na wenzake." Halafu akacheka peke yake, kicheko kikavu ambacho sikukielewa wakati ule. "Kitambaa ndicho kiwe na tabaka, mwanangu. Kitambaa tu."

Kazi ilikuwa ya wawili wawili. Mmoja kitanda, mmoja bafu, kisha mnabadilishana. Hakuna aliyewapangia. Asubuhi mnashuka kwenye basi, mnavaa gauni la kazi, mnasimama kando ya matoroli, na kila mtu anasimama na mwenzake. Anayebaki bila mwenzake anasukuma toroli peke yake siku hiyo, na vyumba vyake havipunguzwi. Mimi nilisimama na Paramjit miaka yote. Ilikuwa kama ndoa, ila yenye faida.

Wakati wa kula tulikuwa na meza yetu, meza ya Kiswahili, iliyokuwa karibu na mlango. Mkubwa wa meza alikuwa Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira, mke wa shemasi wa kanisa letu kule Spånga, sauti ya kwanza kwaya. Alikuwepo Wanjiru, Mkenya, mcheshi, mvivu wa bafu. Nilikuwepo mimi. Na Paramjit alikuwa mgeni wetu wa kila siku, maana Mhindi mwingine hakuwepo na chai yake ya tangawizi na iliki ilikuwa tamu kuliko dhambi. Alikuja nayo kwenye chupa kubwa, na mikate yake ya viazi. Tulimmalizia kila siku. Mama Furaha hasa, kikombe cha kwanza, cha pili, na akiona hakuna anayemtazama, cha tatu.

Pale ndipo Paramjit alikuwa akitujengea kijiji chao. Alichukua vipande vya sukari kutoka kwenye boksi, akavipanga mezani. Hapa katikati nyumba za wenye ardhi, Majati, zenye lango ambalo tembo angepita kama wangekuwa na tembo. Hapa maseremala. Hapa kinyozi, ambaye ndiye anajua siri zote na ndiye anayepeleka mialiko ya harusi. Hapa mwenye duka. Hapa nyumba ya sala. Halafu, huku nje, upande ule upepo unakokwendea ili harufu isirudi, wafagiaji na washona viatu. Kisima chao. Mahali pao pa kuchoma maiti, moshi nao usichanganyike.

"Si ulisema dini yenu inasema wote ni sawa?" Wanjiru aliuliza.

"Ndiyo. Ndiyo maana tulijenga nyumba ya sala ya pili," Paramjit akajibu. "Sawa hapa, sawa kule."

"Na viatu nani alikuwa anatengeneza?"

"Hao. Viatu vya bwana harusi vilitoka mikononi mwao. Ila wao kupita mtaa huu," akagusa katikati, "walivua vyao wakavibeba."

Mama Furaha alikuwa akipiga ulimi. "Eh Yesu wangu! Bantu bale banaishi namna gani? Bon, ni vile habajajua Injili." Na sisi wengine tulitikisa vichwa, tunasikitikia India, tunatafuna mikate ya viazi. Kila mara kipande kimoja cha sukari kilibaki mkononi mwa Paramjit. Kila mara alikitia kwenye chai yake, akakoroga. Hatukumuuliza cha nani. Tulidhani yeye ni wa lango la tembo. Mwendo wake ulikuwa wa lango la tembo.

Basi ule mwaka wa homa ya mafua ya nguruwe, akaja Esperance.

Alikuja kwa kazi ya majaribio. Miezi kadhaa wanakutazama, mwisho wanakwambia kaa au nenda. Alikuwa na watoto wawili wamebaki kwa shangazi yao Bukavu, na kuwaleta kulihitaji aoneshe kazi ya kudumu. Hilo alituambia siku ya kwanza, bila kulialia, kama mtu anayekwambia saizi ya kiatu chake. Bila kazi, hakuna watoto. Wote mezani tulijua.

Mama Furaha akafurahi, Mkongo mwenzetu! Akamsogezea kiti. Akaanza mahojiano.

"Weye unatoka ngambo gani, mama?"

"Kalehe. Karibu na pori."

"Aaa, Kalehe! Baba alikuwa anatumika nini?"

"Baba alikufa mapema. Mama ndiye alikuwa anafinyanga vyungu. Alikuwa anavipeleka sokoni."

Nyie mmezaliwa au mmekulia huku, pengine hamjui. Kwetu, mtu wa kando ya msitu, anayefinyanga vyungu, hahitaji kuulizwa swali la tatu. Ni Mutwa, kabila linalodharauliwa na wote. Na kwa Mutwa watu wananunua chungu, wanakibeba, wanapikia, wanakitilia maji ya kunywa. Maji yote niliyokunywa utotoni yalipoa kwenye mtungi wa mikono yao. Lakini kikombe kilichogusa mdomo wa Mutwa, eti hapana. Mtungi ndiyo, mdomo hapana. Nielezeni hesabu hiyo, nyie mliosoma.

Mama Furaha akasema, "Karibu sana," kwa sauti ya matangazo ya msiba.

Kesho yake alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani, cha maua ya zambarau. "Ni sababu ya hii grippe," akasema. "Kila muntu ajichunge." Na kweli homa ilikuwepo, dawa ya kunawa mikono ilikuwa kila mlango. Siku iliyofuata, Wanjiru naye akaja na chake, kina picha ya twiga. Nikamwambia, "Hata wewe?" Akaangalia pembeni. "Ai, mimi nafuata tu watu, Mama Neema. Usinianzie." Rafuni vikabaki vikombe vyeupe vya hoteli na mtu mmoja tu wa kuvitumia, maana mimi na Paramjit siku zote tulinywea vifuniko vya chupa yake. Mkate waliendelea kumegeana kwa mkono, wakilamba vidole. Homa hiyo ilikuwa na akili sana, ilipita kwenye kikombe tu, na ilipita kwa mtu mmoja tu.

Jumapili, kanisani Spånga, Mama Furaha alimkumbatia Esperance mlangoni mbele ya watu. "Dada katika Bwana!" Jumatatu Bwana alibaki Spånga.

Na kwenye matoroli ndipo maumivu yalipokuwa. Meza nzima ikajua, na wengine wakajua kutoka kwenye meza bila kujua sababu, wakajua tu kwamba huyo mtu ana kitu. Hakuna aliyesimama naye. Asubuhi baada ya asubuhi Esperance alisukuma toroli peke yake, vitanda vya watu wawili, magodoro ya kuinua, na vyumba havikupunguzwa. Alichelewa. Lazima achelewe. Na Gunilla, msimamizi wetu Mswidi, akaanza kutazama saa yake kila Esperance alipopita.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya ninachojua. Nilipiga kelele. Siku moja wakati wa kula nilichukua kile kikombe cha zambarau nikamuuliza Mama Furaha kama anakinywea na kwenye meza ya Bwana. Akaruka. "Weye mutoto, utanifundisha Mungu? Miye sina mubaya na muntu yeyote! Kila muntu na desturi yake!" Nikamwambia desturi yake ina harufu, na harufu hiyo imesafiri na ndege bila kulipiwa mzigo. Akaniita mshenzi. Nikamwita jina ambalo siliandiki. Wanjiru akainuka kutuachanisha, chai ikamwagika, mtu wa jikoni akachungulia.

Raha ilikuwa kubwa sana. Lakini sikilizeni, hili ni somo la kazi: Gunilla hakuelewa neno hata moja. Alichosikia ni kelele, na kelele zilianza baada ya Esperance kuja. Akaniita pembeni, mpole kama kawaida yake. Akasema amesikitika, lakini kikundi kimekuwa na shida tangu huyo mpya afike, na muda wake wa majaribio unakaribia mwisho, na labda hafai kwenye kikundi. Nilijaribu kumweleza. Jaribuni nyie kumweleza Mswidi habari ya vyungu na vikombe. Alinisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema, "Lakini wote nyie mmetoka nchi moja."

Gunilla hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa kwao: akiona ugomvi, anauitia mkutano. Akauitisha. Akaleta mikate ya mdalasini na kahawa, akataka tukae wote na kila mtu aseme anavyojisikia. Tukakaa. Zambarau, twiga, na vingine vya nyumbani vimesimama mezani mbele ya wenyewe. Mbele ya Esperance, kikombe cheupe. Nadhani hata Gunilla alikiona, maana alikitazama, akatazama vyetu.

"Kuna mtu ana shida na mtu?" akauliza.

Hakuna. Waswidi na Waafrika tunafanana hapo, mkutanoni hakuna mwenye shida. Mama Furaha akatabasamu tabasamu la kwaya. Esperance alikuwa anatazama mkate wake. Alishajua kwamba kazi inamponyoka.

Paramjit akavuta boksi la sukari.

Sikuamini. Nilidhani mama huyu amechoka kichwa. Akaanza kupanga vipande kama siku zote, polepole, anamweleza Gunilla kwa kile Kiswidi chake. Hapa wenye ardhi. Hapa maseremala. Hapa kinyozi. Hapa nyumba ya sala. Hawa marafiki zangu wanakijua kijiji hiki, wanakisikitikia kila siku. Kisha kikabaki kipande kimoja mkononi. Safari hii hakukitia kwenye chai. Akakiweka nje kabisa, ukingoni mwa meza, nusu kinaning'inia.

"Mimi hapa," akasema. "Binti wa mshona viatu."

Akanyoosha mkono, akachukua kikombe cheupe cha Esperance, ambacho Esperance alikuwa ameshakinywea, akanywa. Si kidogo. Alikinywa chote, kikombe juu, tunaona koo linavyocheza. Akakirudisha, akajifuta mdomo, akamgeukia Mama Furaha.

"Miaka yote hii umekunywa chai kutoka mikononi mwangu. Ilikuwa tamu?"

Mama Furaha alishika tumbo. Naapa. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayetazamia mkia utokeze.

"Uliachaga kutuambia," akasema mwisho, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo. Nikamtafsiria Paramjit.

"Hukuniuliza," Paramjit akajibu. "Uliomba tu niongeze."

Wanjiru ndiye wa kwanza kupasuka. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Halafu akainuka, akaenda rafuni, akatwaa kikombe cheupe, na twiga wake akabaki pale mezani mpaka vumbi likamla. Gunilla alitutazama sote, hajui acheke au aite mkutano mwingine.

Msidhani Mama Furaha aliokoka. Aliendelea na zambarau yake, na chai ya Paramjit hakuigusa tena, akawa anakuja na ya kwake, isiyo na ladha, na jicho likiwa kwenye chupa ya mwenzake. Ile adhabu mimi ilinitosha.

Lakini kikombe hakiinui godoro. La maana lilikuwa asubuhi yake, kwenye matoroli. Tumevaa, tumesimama. Nikajiweka pahali pangu, kando ya Paramjit, kama miaka yote. Akanitazama, akanipigapiga shavu, akaenda akasimama na Esperance. Wakasukuma toroli wakaondoka, na kabla hawajafika kwenye lifti nikasikia, "Geuza nje-ndani, mwanangu, nje-ndani!"

Mimi nikabaki na Mama Furaha. Ndiyo. Mungu ana mzaha wake. Nilifanya naye kazi mpaka mgongo ukaisha, na sehemu ya mgongo huo namdai yeye, maana kwenye kuinua godoro alikuwa anaanza wimbo wa sifa na kuniachia pembe zote.

Esperance na Paramjit walimaliza vyumba kabla ya watu wote, siku baada ya siku, na Gunilla akaacha kutazama saa. Majaribio yalipokwisha alimpa kazi. Watoto wake walikuja baadaye. Yule wa kiume mnamjua, ndiye anayewapigia gitaa kanisani, na nyie mnamchekea-chekea mkidhani sioni.

Kwa hiyo wewe wa mfungo, ukimwona Neema anachora kijiji cha India, usilie machozi ya India. Mama yako alikunong'oneza jambo kuhusu Esperance, nawe umelibeba bila kufungua uone kuna nini ndani. Unataka kazi Märsta? Nitakuelekeza. Lakini asubuhi utasimama kwenye toroli, na watu wa dunia nzima watakutazama na kuamua kama wewe ni wa katikati au wa upande wa upepo. Kwao wewe si wa Uvira wala wa Bukavu. Ni sukari iliyobaki mkononi.

Jumamosi ijayo nitapika maandazi tena. Njooni wote. Esperance atakuwepo, chai ni yake, ya tangawizi na iliki, Paramjit alimfundisha. Vikombe vyangu vyote ni vyeupe, vya aina moja. Nimeviosha pamoja, nimevifuta kwa kitambaa kimoja, nimevipanga rafuni, na cha Esperance ni kipi, hata mimi sikijui.